Vichezeo Vyangu Kwenye Makabati ya Vioo

Nimestaafu kabla sijafika miaka arobaini, na si kwa sababu ya utajiri. Daktari aliweka kile chombo chake kifuani mwangu, akasikiliza, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia natengeneza vichezeo vya watoto. Akacheka. Nilipomweleza habari ya vumbi la mbao na msasa, kutwa nzima, dirisha moja, akaacha kucheka. Kwa hiyo kifua changu ndicho kilichostaafu, nami nimelazimika kukifuata.

Ninyi mnaoshika karakana sasa mmeniomba niwaandikie machache ya miaka yangu pale. Mshahara sitauzungumzia, kwa maana hautoshi kujaza sentensi. Vyeo navyo havikuwapo. Tulikuwa wawili na paka, na paka ndiye aliyekuwa akifika kwa wakati. Nitaeleza yale niliyoyatenda kwa mikono, na namna nilivyokuwa nikitetemeka nikiyatenda. Aya hizi mbili za mwanzo nimezichana na kuzianza upya mara nyingi kuliko ninavyotaka mjue. Mkiona mahali pameandikwa vizuri kupita kiasi, jueni hapo nilikuwa na hofu.

Nilikuja mjini mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, kutoka Kaloleni, nikafikia kwa mjomba wangu karibu na Mwembe Tayari. Nyuma ya pale mabasi ya bara yanapopakia palikuwa na mafundi wa vitanda na viti. Nilikuwa nasimama pembeni nikitazama, wakidhani namsubiri mtu. Hakuna aliyenifundisha. Niliokota vipande walivyotupa, nikaenda navyo kwa mjomba, nikachonga wanyama kwa kisu cha jikoni mpaka mke wa mjomba akauliza kwa nini kisu hakikati tena vitunguu. Nilipokosea, nilikichoma kipande kwenye jiko mtu asikione. Tulipika sana kwa makosa yangu.

Mke huyo wa mjomba ndiye aliyenipeleka kwa Bi Zuhura, nadhani ili apate kisu chake. Bi Zuhura alikuwa amefundisha watoto wadogo miaka mingi, akaacha, akafungua karakana kwenye chumba cha chini cha nyumba yao, uchochoro wa pili kutoka Ndia Kuu. Kazi zake zilikuwa mbili. Alitengenezesha vichezeo vya kufundishia na kuziazima familia zisizoweza kununua, na shule zikifungwa alizipeleka familia hizo matembezini, kwa gharama ndogo kuliko ya arusi ya jirani. Mafundi aliokuwa nao wote walikuwa wamehamia kwenye milango na masanduku, ambako kuna heshima.

Nikamwaga wanyama wangu mezani. Bi Zuhura akamchukua ng'ombe, hakumtazama hata kidogo, akamtia mdomoni. Alimtafuna kwa utulivu, mtu mzima mwenye miwani, kisha akamtoa.

"Mkia utakatika," alisema. "Wa nani weye?"

"Kadzo, Bi."

"Sikuuliza jina, jina nitalijua tu. Wa nani, nani kakufundisha?"

"Hakuna, Bi. Nimejifundisha."

"Ndiyo maana mkia mwembamba. Ndoo kazini kesho saa mbili."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Usiku mzima niliufikiria ule mkia.

Mambo aliyonifundisha mwaka wa kwanza mnayajua, lakini pengine hamjui yalikotoka. Kile kikombe kidogo cha kahawa kilichotundikwa mlangoni, msikitupe. Kipande chochote kinachoingia ndani ya kikombe kile kitaingia kooni mwa mtoto, na hakitoki karakanani. Mbao za masanduku ya majani ya chai ni nyepesi na hukatika vizuri, lakini zisugueni ndani na nje, maana watoto huziramba kwa ile harufu. Mwembe ni laini, unafaa magurudumu. Mvule ni mgumu, uwekeni chini, panapobeba. Na msing'arishe kitu kwa mafuta ya nazi. Mimi nilifanya hivyo. Nilisugua mafumbo ya mbao ya kujifunzia hesabu mpaka yakawa yanaonyesha sura yangu, nikaenda nyumbani nikiwa na furaha ya kutosha wiki. Asubuhi tulikuta sisimizi wamejipanga kutoka mlangoni hadi kwenye namba nane. Bi Zuhura alisimama akawatazama, akasema, "Wao angalau wamejifunza kupanga mstari."

Lililonitesa zaidi lilikuwa jaribio. Kila kichezeo kipya kiliwekwa juu ya mkeka barazani, watoto wa mtaa wakaitwa, na aliyekitengeneza akakaa pembeni akiwa amekalia mikono yake. Kuikalia hasa, viganja chini ya mapaja, na mdomo umefungwa. Huruhusiwi kusema, "Si hivyo." Huruhusiwi kuelekeza. Ukitoa mkono mmoja, Bi Zuhura anakuita jina lako kama mtu anayemwita mbuzi aliyeingia shambani. Nilitengeneza ngazi ya rangi, kijani juu ya njano, njano juu ya nyekundu, na mtoto wa kwanza akaiweka kichwani akasema ni kofia ya askari. Jasho lilinitoka. Viganja viliniuma kwa alama za mkeka. Nilitaka sana aipange sawasawa, mara moja tu, ili nijue haikuwa bure.

Sasa nifikie nyumba.

Mwaka wangu wa tatu au wa nne nilibuni nyumba ya mji wa kale ya kupanga. Ilikuwa na orofa tatu zinazopandana kuanzia kubwa hadi ndogo, roshani za kuchomeka, mlango wa kufungua na kufunga, na paa. Mtoto anajifunza kikubwa na kidogo, juu na chini, ndani na nje. Kitako kilikuwa cha mvule. Mlango niliuchonga maua na minyororo pembeni kama milango ya kweli ya mtaa ule, kwa patasi nyembamba niliyoitengeneza mwenyewe kutoka kwenye sindano ya gunia. Bi Zuhura aliniuliza maua yale ni ya kumfundisha mtoto nini. Nikasema, maua. Barazani watoto waliigusa kwa ncha za vidole, wakanyamaza. Nilidhani ule ukimya ulikuwa ushindi.

Kwa mara ya kwanza familia zilipigania zamu ya kuazima. Nikatengeneza ya pili, ya tano, ya kumi. Lakini hazikurudi. Vichezeo vingine vilirudi vimeumwa, vimepotea gurudumu, vina uji. Nyumba zangu hazikurudi kabisa, na Bi Zuhura akanituma nikazitafute.

Nilianza kwa Bi Swafiya, kwenye nyumba ya ghorofa nyuma ya soko la samaki. Mumewe alikuwa akifanya kazi bandarini, naye akikaa nyumbani na binti yao wa pekee, Maimuna, mwenye miaka minne.

"Hodi."

"Karibu, Fundi, karibu ndani! Vua viatu, keti. Sabalkheri. Hujambo? Watu wa Kaloleni hawajambo? Kaa hapa uione vizuri."

Akanikalisha mbele ya kabati la vioo. Wenyewe mnayajua makabati yale ya ukumbini, yenye vikombe vya Jeddah visivyonywewa chai na birika ambalo halijawahi kuona moto. Katikati ya kabati, mbele ya birika, juu ya kitambaa cha kufuma, ilikaa nyumba yangu. Alikuwa ameifungia kwa ufunguo. Maimuna alikuwa ameketi sakafuni, paji la uso likigusa kioo, na pale alipozoea kuegemea palikuwa na doa la mviringo.

"Hachezi nayo?" niliuliza.

"Aicheze aiharibu?" Bi Swafiya alicheka. "Kazi kama hii? Kila mgeni akija aniuliza nimeinunua wapi. Huyu namruhusu aitazame mpaka achoke. Si anajifunza kwa macho?"

Sitawaficha: nilifurahi. Nilikaa pale nikatazama kazi yangu chini ya taa ndogo ya kabati, bila alama ya jino, bila uji, kama nilivyoiacha. Nilikwenda nyumba ya pili, nikaikuta kabatini. Ya tatu, kabatini. Kule Kizingo, kwenye nyumba ya bwana mmoja aliyekuwa na gari la kumpeleka mtoto hadi dukani, nyumba yangu ilikuwa na kabati lake peke yake. Niliporudi nilimwambia Bi Zuhura kwa sauti niliyojaribu kuishusha. Yeye alivua miwani.

"Basi hatuna kichezeo," alisema. "Tuna sinia la kupamba kabati."

Wiki hiyohiyo akaja bwana mwenye duka la mapambo ya watalii, upande wa Ngomeni. Alikuwa ameiona nyumba kwa ndugu yake. Aliishika kwa mikono miwili, akafungua mlango, akaufunga, akapiga ulimi. Akasema atachukua kila nyumba nitakayotengeneza, na hatanihimiza. "Kaa na moja mwezi mzima ukitaka, Fundi. Chonga mpaka moyo wako utosheke. Sharti langu ni kwamba zisipite mikononi mwa watoto zikachubuka. Zote ziwe zangu."

Mpaka moyo wako utosheke! Hakuna mtu aliyewahi kuniambia maneno kama hayo. Nilimtazama Bi Zuhura.

"Mikono ni yako, mwanangu," alisema baada ya yule bwana kuondoka. "Ila uijue hesabu. Ukimfanyia yeye, hapa hapatakuwa na wa kutengeneza, maana mimi hata msumeno siujui unashikwa wapi. Karakana ya watoto itakwisha. Sikulazimishi. Twende matembezi ya Agosti, ukirudi umpe jibu lako."

Matembezi yale ya Agosti tulikwenda upande wa Tiwi. Mwalimu mkuu wa shule moja ya huko alikuwa mwenzake Bi Zuhura wa zamani, akatuachia madarasa mawili shule ikiwa imefungwa, nami nikirekebisha madawati kama shukrani. Kila familia ibebe mkeka, chandarua na sufuria. Tunavuka Feri kwa miguu, ng'ambo tunapanda basi, na hela zote zinaingia kwenye mchele na samaki. Hivyo ndivyo mtu wa kawaida anavyokwenda pwani ya hoteli bila hoteli. Bi Zuhura aliongeza sharti moja mwaka ule: kila familia yenye nyumba ya mbao ije nayo. Asiyekuja nayo abaki.

Mngewaona akina mama kwenye kivuko! Nyumba zilikuja zimefungwa ndani ya leso mbilimbili, ndani ya sufuria, ndani ya mto uliotolewa sufi. Bi Swafiya alibeba yake ndani ya kikapu, imezungushiwa taulo, na kutoka kisiwani hadi ng'ambo hakuiweka chini. Mchuuzi wa karanga alimuuliza, "Mama, mtoto mchanga huyo?" Akajibu, "Zaidi." Maimuna alimshika upindo wa buibui akikitazama kikapu.

Nilikuwa nimeandika ratiba ya siku tatu, kila saa na jambo lake, kwa rangi mbili. Bi Zuhura aliipokea, akanishukuru, akawashia jiko.

Darasa halikuwa na kabati. Nilimwona Bi Swafiya akizunguka na kikapu, akitafuta rafu, akitafuta msumari hata. Mwisho akaiweka nyumba juu ya kizingiti cha dirisha, akamwambia Maimuna, "Kwa macho." Wenzake nao wakapanga za kwao hapohapo. Usiku ule nyumba sita zilikaa dirishani zimejipanga kama mtaa, na watoto wakalala chini wakizitazama.

Asubuhi akina mama walikuwa nyuma wakipika mahamri. Mimi nilikuwa kwenye baraza ya shule na dawati lililovunjika mguu, Bi Zuhura kando yangu akichambua mbaazi. Uwanjani palikuwa na mti mkubwa wa mkungu, na chini yake kungu zake zilizokauka, ngumu kama mfupa, zimetapakaa. Watoto walikuwa wakizivunja wapate ile kokwa nyeupe ya ndani. Mawe ya pale yalikuwa ya matumbawe, yanamomonyoka. Kungu ilikataa. Nikamwona Maimuna akisimama, akifuta mikono kwenye gauni, akielekea dirishani. Alinyoosha mikono miwili, akaishusha nyumba. Orofa za juu alizitoa akaziweka pembeni kwa adabu. Akabaki na ya chini, yenye mlango. Akarudi mkunguni, akaiinua.

Nilishaanza kuinuka.

"Kadzo," alisema Bi Zuhura bila kuinua uso kwenye mbaazi. "Mikono."

Nikaketi. Nikaikalia.

Pigo la kwanza lilikwenda pembeni. La pili likaondoa minyororo ya upande wa kushoto wa mlango, ile niliyoichonga kwa siku nyingi nikishika pumzi. La tatu likang'oa mlango wenyewe, ukaruka majanini. Watoto wengine walikuwa wamesogea, wamemzunguka, na tangu nianze kutengeneza nyumba zile ndiyo mara ya kwanza nilisikia mtoto akipiga kelele karibu na mojawapo.

Bi Swafiya akatokea na upawa wa mafuta mkononi.

"Maimuna! Yallah! Wafanyani?"

Mtoto aligeuka. Mashavu yalikuwa mekundu na kinywa kimejaa. "Mama," alisema, "yavunja vizuri!"

Bi Swafiya hakumtazama mtoto, alinitazama mimi. Wote walinitazama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyevunja chombo cha mwenyeji. "Fundi, nisamehe. Wallahi nimeichunga. Miezi yote hii nimeichunga, hata vumbi nikilipangusa mwenyewe."

Nilielewa kwamba nikikunja uso tu, nyumba zote sita zitarudi ndani ya leso, na zitakwenda makabatini zikae huko mpaka watoto wale waoe na waolewe. Na nilielewa pia kwamba bado nilitaka kulia kwa ajili ya minyororo ile. Nilifungua mdomo nisijue kitakachotoka.

"Maimuna," nilisema. "Igeuze. Kitako ni mvule. Hapo ndipo pagumu."

Akaigeuza. Akapiga. Kungu ikapasuka vipande viwili safi.

"Kadzo!" Bi Zuhura aliruka, mbaazi zikamwagika. "Umesema!"

"Nimesema, Bi Zuhura."

"Umeelekeza!"

"Lakini mikono nimeikalia."

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa Bi Swafiya. Alichuchumaa, upawa bado mkononi, akatazama namna bintiye alivyoshika. "Wapiga kama kuku adonoaye," alimwambia. "Lete. Sisi wadogo tukivunja kwa jiwe, tena pigo moja." Akaichukua nyumba kutoka mikononi mwa mtoto, akainua, akapiga, kungu ikaruka ikampata paka wa shule. Watoto wakaanguka kwa kucheka. Ndani ya nusu saa dirisha lilikuwa tupu. Paa moja lilikuwa likipakua mchanga, roshani mbili zilikuwa vijiko, na orofa za kati zilipangwa upya kwa namna ambayo sikuibuni, kubwa juu ya ndogo, ikayumba, na haikuanguka. Mahamri ya mafungu mawili yaliungua. Hakuna aliyelalamika ila mimi, nilikuwa na njaa.

Tuliporudi kisiwani, mwenye duka alikuja kwa jibu lake. Alikuta nyumba moja mezani, imeletwa nirekebishe mlango. Aliiinua, akaona makovu, akanusa kitako. "Imefanywa nini hii?"

"Imevunjiwa kungu," nilisema.

"Pole sana."

"Ahsante. Lakini jibu langu ni hapana, bwana. Sitaweza kukutengenezea."

Alinibembeleza kwa heshima, akaondoka kwa heshima. Nami nikaenda uani nikatapika kidogo. Msidhani ushujaa una sura nzuri.

Siku chache baadaye Bi Swafiya alipiga hodi karakanani, Maimuna mbele, mtoto wa dada yake kiunoni. Maimuna alikuwa amekumbatia orofa yake ya chini, isiyo na mlango. Alisema hataki utiwe, kwa kuwa sasa paka aingia na kutoka.

"Fundi, huyu hampi mtu yake, na huyu mdogo alia kutwa," alisema Bi Swafiya. "N'tengenezee nyingine. Lakini tafadhali sana, isiwe nzuri."

"Isiwe nzuri vipi, Bi?"

"Isiwe nzuri ya kunitia tamaa. Mimi najijua. Ukinipa kama ile ya kwanza, naifungia. Tayari kabati lina nafasi tupu na laniita."

Sijawahi kupewa kazi ngumu kama ile. Niliitundika patasi nyembamba juu kabisa, nikafanya kwa msumeno na msasa tu. Nilizungusha pembe zote. Kila nilipofika kwenye mlango mkono uliwasha, nikatoka nje nikapunga upepo, nikarudi. Maua hayakuwapo, wala mnyororo. Ilikuwa nyumba kama mtoto anavyoichora: kuta, tundu la mlango, paa. Niliipima kwa kikombe, nikaitia mdomoni mwenyewe, nikaipeleka nikiwa na aibu kama mtu aliyetoka bila kuvaa.

Bi Swafiya aliigeuza huku na huku, juu na chini. Alitafuta kitu cha kukisifu, hakukiona.

"Mbaya kabisa," alisema kwa furaha, na bila kuitazama mara ya pili akamdondoshea yule mtoto mdogo mikononi.